Wataniuliza Nani Alinilea

Rajkot, India
Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua marahaba yako itachukua karibu mwezi kunifikia, kwa hiyo nimeshajiitikia mwenyewe kwa sauti yako. Goti linasemaje? Na baridi ya mwezi huu, ule upepo wa milima ya Mbizi unaopita chini ya mlango wa jikoni, bado unakusumbua? Deo aliahidi kuuziba ule mwanya tangu mwaka jana. Kama hajauziba, mwambie dada yake anauliza, na kwamba kuuza mitumba hakujamkataza mtu kushika nyundo. Ulezi mmeshavuna? Yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa, au bado anatufanyia maringo?

Mimi mwili wangu ni mzima. Mjukuu wako Hansa naye mzima, jino la mbele limeng'oka na sasa akicheka unaona ulimi. Jumamosi moja aliniuliza kama Bibi wa Sumbawanga ana meno yote. Nikamwambia Bibi yako anakushinda kutafuna mahindi ya kuchoma. Akanuna mpaka nilipomnunulia karanga.

Herufi nimeziandika kubwa makusudi, ili uisome barua hii mwenyewe. Usimpe Deo akusomee, maana habari ikimfikia Deo imeshafika stendi. Usimpe na mwalimu jirani. Kaa jikoni kwenye kigoda chako, vaa miwani, soma polepole. Ukichoka, pumzika, halafu endelea. Kuna neno humu ambalo nataka ulipate kutoka kwangu, si kutoka kwa wanunuzi wa mahindi wa soko la Laela.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba nimefungua kesi ya kudai talaka kwa Harish. Ukanijibu, "Achana na mahakama za watu, rudi nyumbani tumshitaki huku, baraza la kata lipo na wazee bado wapo hai." Nilicheka, halafu nikalia. Laiti ingekuwa hivyo, Mama. Harish ni raia wa huku, mtoto yuko huku, na nyumba ya mwisho tuliyokaa pamoja mimi na yeye ni ya hapa Rajkot, kabla hajaenda kufanya kazi Maskati, Uarabuni. Wahindu wana sheria yao ya ndoa, na sheria hiyo inawafuata hata wakivuka bahari. Ile ndoa tuliyofungishwa uani kwetu Kizwite, na yule kasisi wa Kihindu tuliyemleta kutoka Mbeya akikohoa kwa moshi wa kuni zako mbichi, huku inahesabiwa kama imefungwa mtaa wa pili. Talaka ya Sumbawanga wakwe zangu wangeitandika chini ya sufuria. Mtoto wasingemtoa.

Nikatafuta wakili. Ni mwanamke mtu mzima, anaitwa Kokilaben, mnene, mkali, anavaa kandambili chini ya joho lake jeusi na hajali nani anaona. Siku ya kwanza alifungua kitabu akanisomea mambo yanayoweza kuvunja ndoa ya Kihindu. Uzinzi. Ukatili. Kumtelekeza mwenzako miaka miwili. Kuhama dini. Wazimu. Ukoma. Kuingia utawani, hata hilo limo. Kupotea miaka na miaka mpaka watu wasijue kama u hai. Nilikuwa nangoja afike kwenye kukaa meza moja na watu wanaokula bila kukusemesha. Hakufika. Nilipomuuliza alinitazama juu ya miwani akasema, "Binti, hilo huku linaitwa kuolewa."

Basi tukachukua mawili ambayo hayana ubishi: kwamba Harish amenitelekeza, na kwamba anaishi Maskati na mwanamke mwingine. Huyo mwanamke si siri. Mama mkwe wangu mwenyewe amekuwa akimtumia chupa za achari kila akipatikana msafiri, na mimi ndiye niliyekuwa namenya maembe. Ndiyo, Mama, nilimenya. Nilidhani ni ya Harish peke yake. Nilipojua nilitoka kwenye ile nyumba, na sasa nimepanga chumba kwa mjane mmoja karibu na karakana ya baiskeli, nashona vifungo kwenye kiwanda kidogo cha mashati. Hansa wamebaki naye. Naruhusiwa kumwona Jumamosi tu, kwenye baraza yao, mama mkwe akiwa amekaa katikati yetu anachambua mchele.

Nilifikiri kesi itakuwa nyepesi. Mtu kaondoka, kaoa kwingine bila kuoa, kuna nini tena cha kuuliza? Lakini majibu ya Harish yalipokuja hayakukanusha Maskati wala yule mwanamke. Yeye anasema hakuna ndoa ya kuvunja. Anasema sheria ya Kihindu inafungisha Mhindu na Mhindu, na mimi sikuwa Mhindu hata siku moja, hata kama Baba alikuwa, mama yangu ni Mkristo na mimi ni Mkristo wa kubatizwa, kwa hiyo ule moto tuliouzunguka Kizwite ulikuwa moto wa kuota tu. Mahakama ikikubali, mimi si mke, si mtalaka, ni mgeni aliyekaa nchini kwa jina la mume ambaye hakuwa mume. Nitapandishwa ndege peke yangu. Hansa atabaki kwa wenyewe, wale wale wanaomkataza kusema Kiswahili mezani.

Sasa nafika pale ninapopaogopa. Mama, vua miwani uifute, halafu uendelee.

Unashangaa walijuaje habari za ubatizo wangu? Usishangae, kwa sababu mwenyewe uliniandikia kwa furaha kwamba shemeji yangu Bharat, mdogo wake Harish, kaja kununua maharage Laela. Sasa biashara ni ruksa, kila mwenye lori ni mnunuzi, nani angemshuku? Akapitia kukusalimu. Ukamlaza kitanda cha Deo. Ukampikia maharage kwenye chungu kipya ili mafuta ya nyama yasimguse. Alipouliza mambo ya utoto wangu, Jumapili baada ya misa ukampeleka kanisani, ukamwonyesha lile jiwe la maji, ukasema, "Hapa ndipo Skola wetu alipobatizwa, na baba yake alisimama pale mlangoni na mfuko wa sukari ya chai ya sherehe." Ukamwitia na mama yangu wa ubatizo, naye kwa heshima akamletea kuku hai, mtu ambaye hata yai hali.

Yote hayo yamesomwa mahakamani, Mama. Bharat ameyaapia. Nimekaa kwenye benchi nikisikia ukarimu wako unasomwa kwa sauti kama mashitaka, jiwe la maji, mfuko wa sukari, kila kitu. Hata kuku katajwa. Hakimu aliuliza, "Kuku wa nini?" na watu wakacheka. Mimi nilikuwa nalia.

Usijilaumu. Nakuomba kwa magoti, usijilaumu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja ili mwenyeji augue, na wewe ungejuaje? Kwetu Ufipa mtu akiulizwa mtoto wake kabatizwa wapi, anamshika mgeni mkono anampeleka akaone. Nani anamficha shemeji kanisa? Ningekuwa mimi ningemwonyesha hata kengele. Kosa ni la aliyekula maharage yako akaondoka nayo kama ushahidi. Nimesema, na ninarudia, wewe huna kosa.

Ni vigumu kuwaeleza watu wa huku tulivyoishi. Kwao ni lazima uwe upande mmoja. Kwetu Baba alikuwa anawasha ubani dukani asubuhi kabla hajafungua mlango, mimi nimeshika sahani ya maua na macho yana usingizi, halafu natoka nyuma nakuja kwako jikoni na wewe unanifuta ule unga mwekundu wa kipaji cha uso ili nisichafue sare ya shule. Jumatatu mpaka Jumamosi nilikuwa Nirmala wa Baba, Jumapili nikawa Skolastika wa kwako, na sikumbuki siku hata moja ambayo ninyi wawili mligombana kwa ajili hiyo. Mligombana kwa ajili ya chumvi. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa anasema, "Mtoto ana mikono miwili, kwa nini asishikwe na watu wawili?" Hakuna mtu kule mtaani aliyewahi kuniuliza mimi ni nani. Nimekuja kuulizwa huku, kwenye nchi ya babu zangu.

Kokilaben hakukata tamaa. Anasema sheria yenyewe ina mlango. Mtoto ambaye mzazi wake mmoja ni Mhindu, akalelewa kwa mila na nyumba ya huyo mzazi, basi ni Mhindu, na maji aliyomwagiwa akiwa mchanga asiyejua kulia wala kucheka hayambadilishi. La muhimu ni malezi. Kwa hiyo hakimu hatauliza nilizaliwa na nani. Wataniuliza nani alinilea.

Unaona sasa tulikofika.

Jumanne Kokilaben aliniita ofisini kwake tufanye mazoezi. Alisimama, akaweka mikono nyuma kama yule wakili wa Harish, akauliza, "Bibi Nirmala, nani alikulea?"

Nikasema, "Mama na Baba."

"Hapana. Tena. Nani alikulea?"

"Baba alinilea. Pamoja na Mama."

Akaketi, akavua miwani. "Binti, nisikilize. Wakili wao anangoja hilo 'pamoja' tu. Ukilisema, atakuuliza mama alikupeleka wapi Jumapili, atakuuliza sala ulizofundishwa, na wewe utazisema, maana huwezi kudanganya. Sema ulilelewa dukani na baba. Mama alikuwepo nyumbani, alipika, basi."

"Yaani kama mtumishi?"

Akavaa tena miwani. Akasema, "Mimi sijasema neno hilo. Ila usibishe wao wakilisema."

Nikamuuliza, "Na nikisema wote wawili, ambao ndio ukweli?"

"Wote wawili haimo kwenye kitabu," akasema. Halafu akanimiminia chai kwenye kisosi, kama anavyomfanyia mtu anayemhurumia. Si mtu mbaya, Mama. Ana binti zake.

Tangu siku hiyo najifundisha. Nikishona vifungo nasema kimoyomoyo, Baba alinilea, Baba alinilea. Nusu ya maneno hayo ni kweli, na Baba anastahili kila herufi. Lakini ile nusu nyingine inaniuliza maswali. Nani alinibeba mgongoni kwenda shambani hata kabla jua halijatoka, nikiwa nimefunikwa khanga mbili kwa baridi? Nani alinifundisha kupepeta ulezi, ungo ukiwa mkubwa kuliko mimi, nikamwaga wote na wewe ukasema kuku nao ni wageni wetu? Nilipougua surua na Baba yuko Mbeya kufuata mzigo, nani alikaa na mimi hospitali, akilala sakafuni chini ya kitanda changu na mkono juu, vidole vyako vimeshika kifundo cha mguu wangu ili ukisikia nimegeuka uamke? Watoto wa shule waliponiita chotara, nani alitoka na mwiko mkononi mpaka kwa wazazi wao? Niliolewa nikijua kukanda unga wa chapati kwa sababu Baba alipenda chapati, na aliyenifundisha ni wewe, Mfipa wa watu, uliyejifunza mwenyewe kwa kuunguza vidole.

Haya yote nitayanyamazia. Wakili wao atasema, "Yule mwanamke wa Kiafrika alikuwa mpishi wa nyumbani, sivyo?" na mimi nitatazama chini. Ndivyo nilivyoelekezwa. Nikitazama juu, atajua.

Nimewaza kukataa. Nimewaza kusimama pale nikawaambia kwa Kifipa, wakatafute mkalimani. Ijumaa nilikuwa nimeamua kabisa. Ningesema mama yangu ni Mfipa wa Kizwite, Mkatoliki, alinibatiza na alinilea, na moto nilioolewa mbele yake kuni zake alizipasua yeye. Sasa fanyeni mtakalo. Nililala nikiwa mtu mzima. Halafu Jumamosi nikaenda kumwona Hansa. Tulikuwa tumekaa barazani, bibi yake wa huku katikati na sinia la mchele. Hansa akainama kama anaokota punje, akaninong'oneza kwa Kiswahili, haraka haraka, neno kwa neno kama mtu anayeiba, "Mama, lini tunaenda kwa Bibi?" Mama mkwe akampiga kibao cha mkono. Si kikubwa, kibao cha kumfukuza nzi. Hansa hakulia. Akarudi kwa Kigujarati, akahesabu punje. Mtoto wa miaka sita, Mama, ameshajua kutolia.

Pale pale nikajua nitasema wanavyotaka.

Kesi ni Alhamisi ya wiki ijayo. Barua hii itakuwa bado njiani, pengine haijafika hata Dar es Salaam. Utakapokuwa unasoma hapa, nitakuwa nimeshasimama, nimeshaapa, nimeshasema hukunilea. Sikukuandikia mapema nikuombe ruhusa, kwa sababu jibu lako nalijua. Ungesema, "Sema, mwanangu, mimi sina neno, mradi mtoto aje." Ungelisema huku unachochea ugali, bila hata kugeuka. Hilo ndilo linaloniua. Ungekuwa mama wa kununa ingekuwa nafuu kwangu. Moyo wangu umevunjika, na sina mtu wa kumlilia ila yule yule ninayekwenda kumkana.

Kokilaben anasema tukivuka hapo, hayo mengine ni mepesi. Maskati inajisema yenyewe, na mtoto wa kike wa umri huu, mahakimu wengi humpa mama. Anasema "wengi," hakusema "wote." Kwa hiyo niombee. Nenda kanisani, na pale mezani kwa Baba dukani, mbele ya ile picha ya mungu wake Lakshmi, kama Deo hajabandika juu yake tangazo la mitumba, washa na kijiti cha ubani. Washa sehemu zote mbili. Wewe unaruhusiwa.

Nisalimie mdogo wangu Deo, umwambie namdai nyundo. Nisalimie mama mdogo wa Milepa, mwambie mpunga wake nauota, huku wana mchele wa kila aina ila hauna moshi. Nisalimie mama yangu wa ubatizo, na tafadhali usimwambie habari za yule kuku. Mwambie shemeji alishukuru. Mwalimu jirani msalimie pia, asijisikie vibaya kwamba sikumruhusu kusoma. Kaburi la Baba lipalilie, kama unavyolipalilia, mwambie bintiye kwenye kesi atamtaja peke yake, na kwamba yeye mwenyewe asingependa.

Nikipewa Hansa tutakuja kabla ya mvua. Nitarudi kusimamia duka, au nitanunua nafaka Laela kama wenzangu, wanawake siku hizi wananunua. Nitakuwa sina muda, nitakuwa njiani kila siku. Kwa hiyo mtoto nitakuachia wewe. Usimwachie Deo, usimwachie msichana wa kazi. Mbebe hata kama ni mzito. Mpeleke shambani, mfundishe kupepeta, mpige ukiona lazima na umbembeleze mwenyewe. Umlee, Mama, umlee sana, mtaa mzima uone, ili siku akisimamishwa mbele ya mtu yeyote akaulizwa nani alimlea, asihitaji kufundishwa jibu.

Ni mimi mwanao, sasa na Alhamisi na baada ya hapo,

Skola